Kijivu cha Jivu Lipi?

Mlango wa nyuma wa ile Peugeot 504 ulikuwa umepigwa rangi sahihi kabisa, na tatizo lilikuwa hilohilo. Mwenye gari alikuwa amegongwa ubavuni. Gereji ya kwanza ilinyoosha bati, ikanunua rangi kwa kufuata namba ya kiwanda iliyo kwenye kibati ndani ya boneti, ikapuliza vizuri, bila mchirizi wala vumbi. Lakini gari lilipotoka juani, mlango ule ulionekana kama umeazimwa kutoka gari jingine. Mwenyewe akalileta kwa baba yangu, Kisauni, Mombasa, akiapa kwamba ameibiwa.

Baba hakumlaumu fundi mwenzake. Aliniagiza kitambaa na dawa ya kung'arishia, akafungua taa ya nyuma, akasugua bati ambalo taa ilikuwa imelificha miaka yote. Rangi iliyotokea pale ilikuwa ndugu wa damu wa ile ya mlango. "Namba ni ya siku gari lilipozaliwa," akamwambia yule bwana. "Hili limekula jua la Mombasa miaka kumi na moja." Kisha akaanza kuchanganya: nyeupe kidogo, manjano kwa ncha ya kijiti, anapaka kwenye kipande cha bati, anasubiri kikauke, anatoka nacho nje, anakiegemeza kwenye mlango wa mbele, anatikisa kichwa, anarudi ndani. Alimaliza makopo manne. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kushika kijiti. Jioni gari liliondoka, na mpita njia asingeweza kukuonyesha mlango uliogongwa ni upi.

Nimeikumbuka Peugeot ile mara nyingi sana nikiwa mbele ya meza ndogo yenye vikopo vya rangi vya mililita 14, na modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, mkononi.

Kazi ya kuunda modeli za ndege niliianza majira ya baridi ya mwaka 2004, nilipokuwa nikisomea uhandisi mjini Coventry, Uingereza. Desemba kule jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mwanafunzi asiye na fedha hutafuta la kufanya chumbani. Katika duka la vitu vya mitumba nilikuta boksi lililobonyea, ndani yake vipande vya Spitfire Mk V kwa kipimo cha 1/48. Mabawa ya ndege halisi yana upana wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Yangu yalitimia sentimita 23. Mchoro juu ya boksi ulionyesha ndege ya kisiwa cha Malta, mwaka 1942, buluu ya kuvutia juu ya bahari ya kuvutia. Nikanunua kikopo cha buluu kinachofanana na mchoro, nikaipaka ndege usiku chini ya taa ya mezani, nikalala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi, dirishani, ndege ilikuwa ya zambarau.

Lile ndilo Baba alilokuwa akiniambia tangu utotoni: rangi usiichague chini ya balbu. Rangi mbili zinaweza kulingana kabisa chini ya taa, kisha zikaachana mchana, kwa sababu kila moja imetengenezwa kwa unga tofauti, na kila unga hurudisha mwanga kwa namna yake. Fundi wa gari hujua hivyo kwa mazoea, wanasayansi wanalo jina lake. Mimi nilikuwa nimesoma hilo jina darasani na bado nikafanya kosa ambalo mwanafunzi wa gereji asingelifanya.

Nikapaka upya, mchana, nikaipeleka modeli kwenye mkutano wa mwezi wa waundaji modeli, katika ukumbi mdogo wa kanisa. Wengi walikuwa wazee waliostaafu. Mmoja aliichukua ndege yangu kwa ncha za vidole, akaizungusha, akasifu viungo vya mabawa. Halafu akauliza swali moja tu: "Buluu hii umeitoa wapi?" Nikasema kwenye boksi. Akaitikia kwa kichwa, akairudisha mezani taratibu. Hakunidharau. Lakini nilielewa kwamba nimeulizwa ushahidi na nimejibu kwa tangazo la biashara.

Swali lile lilinipeleka Malta, kwanza kwa vitabu.

Mwanzoni mwa 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, Malta ilikuwa ikipigwa mabomu na Wajerumani na Waitalia karibu kila siku, na ndege za kivita za Waingereza zilizobaki kisiwani zilikuwa chache. Marekani iliazima manowari yake ya kubebea ndege, USS Wasp. Spitfire zilipakiwa Glasgow, Scotland, zikapitishwa mlango wa Gibraltar, na tarehe 20 Aprili ndege 47 ziliruka kutoka kwenye sitaha ya Wasp, zikiwa na kiasi cha kilomita 1,000 za maji mbele yake. Zilitua 46. Wajerumani walikuwa wakizisubiri, wakaanza kuzipiga siku ileile zikiwa bado ardhini.

Sasa njoo kwenye rangi. Spitfire zile zilikuwa zimeandaliwa kwa vita vya jangwani: juu kahawia iliyokoza na manjano ya mchanga, chini buluu nyepesi. Juu ya mchanga wa Libya hiyo ni akili. Juu ya bahari ni kama kuvaa kanzu nyeupe usiku wa kuvizia. Kwa hiyo zilipakwa upya, nyingine zikiwa bado melini, nyingine kisiwani, kwa rangi ya kuendana na maji. Ni rangi gani hasa? Watafiti wamebishana juu ya hilo kwa miongo mingi. Kuna wanaosema ni buluu ya kijivu ya jeshi la maji la Marekani, iliyotoka kwenye stoo za Wasp. Kuna wanaosema ni kijivu cha baharini cha Waingereza, kilichokoza sana. Kuna wanaosema mafundi wa Malta walichanganya walichokipata. Waliokuwepo walizungumza juu ya buluu, lakini buluu ya mtu mmoja si ya mwenzake, hasa akiikumbuka baada ya miaka 30.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye majina, maana ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa dhati.

Jeshi la anga la Uingereza halikuziita rangi zake kwa majina ya rangi tu. Liliziita kwa vitu. Kahawia yao iliitwa Udongo Uliokoza. Ile ya mchanga, Jiwe la Kati. Kijivu chao kimoja kiliitwa cha Bahari Kuu. Nyeusi iliitwa Usiku, basi, neno moja kwenye karatasi za serikali. Mswahili hawezi kushangaa. Sisi nasi kijivu tumekitoa kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, manjano kwenye bizari, zambarau kwenye tunda. Nyekundu iliyoiva tunaiita damu ya mzee, na ngozi ya mtu tunaiita maji ya kunde. Lugha yetu inamwonyesha msikilizaji kitu, inamwachia macho yake afanye kazi.

Lakini anayetaka kupaka lazima aulize: kijivu cha jivu lipi? Jivu la mkaa wa jikoni lina weupe wake, jivu la makuti lina weusi wake, na likinyeshewa ni jingine. Mfano mzuri ni rangi ambayo Waingereza waliiita Anga. Mtu wa Mombasa akisikia jina hilo ataokota kikopo cha samawati, naye atakuwa amepotea moja kwa moja. Anga ya Waingereza ni kijani chepesi sana chenye umanjano ndani yake. Ilitokana na rangi aliyoibuni Sidney Cotton, rubani wa kupiga picha za siri, mwanzoni mwa vita, ili ndege yake isionekane kwa aliye chini. Juni 1940 ilipoamriwa ndege za kivita zipakwe rangi hiyo matumboni, haikutosha, vikosi vikajichanganyia. Ndiyo maana wengine waliiona ya kijani na wengine ya buluu, na jina la mtaani likawa yai la bata. Kwenye modeli ya Spitfire ya kiangazi cha 1940, matumbo mawili tofauti yanaweza yote kuwa ya kweli.

Nilipompigia Baba kumsimulia habari hizi nilidhani zitamchosha. Siku moja nikamweleza la Agosti 1941: jeshi liliamua kuiondoa kahawia mgongoni mwa ndege zake za kivita na kuweka kijivu cha Bahari Kuu, kwa kuwa mapambano sasa yalikuwa juu zaidi na mara nyingi juu ya maji. Kijivu chenyewe kilikuwa hakijafika vituo vyote. Amri ikatoka: chukueni sehemu saba za kijivu cha bahari cha kati, tieni sehemu moja ya Usiku.

"Saba kwa moja," Baba akarudia. Nilimsikia akivuta kiti. "Hiyo imeandikwa na mtu aliyekwisha kushika kopo." Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelisoma katika kitabu chochote: kopo lilijazwa mpaka wapi? Fundi mmoja hujaza mpaka ukingoni, mwingine huacha kidole kimoja ili aweze kukoroga. Nyeusi, alisema, ni kali kama chumvi. Ukizidisha kijiko umeharibu ndoo. Basi kila kituo kilikuwa na kijivu chake, na kila asubuhi ya kuchanganya ilikuwa na chake. Niliandika maneno yake kwenye ukingo wa kitabu changu, na bado yapo.

Kutoka hapo nilibadilisha namna ya kuchagua. Zamani nilianza na kikopo. Sasa naanza na siku. Nisipoweza kusema ndege yangu ni ya mwezi gani, kituo gani na ilitoka ghala gani, sina haki ya kufungua rangi. Spitfire ya Julai 1941 ni ya kahawia na kijani, ya Septemba mwaka uleule yaweza kuwa ya kijivu na kijani, na rubani akawa yuleyule.

Pia nilijifunza kuziogopa namba. Wamarekani walikuwa na kitabu chao cha rangi za serikali, kila rangi ina tarakimu tano. Ya kwanza inakwambia kama inang'aa, inang'aa kidogo au haing'ai kabisa. Ni kitabu kizuri na ninakitumia. Ila kilitoka mwaka 1956, miaka 14 baada ya ndege zile kuruka kutoka Wasp. Anayesema Spitfire ya 1942 ilikuwa ya namba fulani katika kitabu hicho amepima kwa rula iliyotengenezwa baadaye; anaweza kuwa karibu, lakini aseme hivyo. Kwa rangi za Waingereza nilisaidiwa zaidi na kitabu cha makumbusho ya jeshi lao la anga kilichotoka mwaka 1976, chenye vipande vya rangi vilivyobandikwa ndani. Nilikuwa nakibeba mpaka dirishani na vipande vyangu vya plastiki vilivyokauka, kama Baba na bati lake.

Na picha je? Picha za ndege hizo karibu zote ni za nyeusi na nyeupe, na hapo mtego ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kulikuwa na filamu za aina mbili. Moja iliona rangi zote kwa uwiano wa kuridhisha. Nyingine haikuiona nyekundu kabisa na manjano iliiona kwa shida; kwenye picha zake zote mbili hugeuka nyeusi, na buluu hugeuka nyepesi. Mtu asiyejua ataitazama picha ya namna hiyo na kuapa kwamba ndege ilikuwa na rangi nyepesi mgongoni. Dawa ipo ndani ya picha yenyewe. Ndege ya Mwingereza ina alama ya duara ubavuni, nyekundu katikati, nyeupe, buluu, na mara nyingi ukingo wa manjano. Rangi hizo zinajulikana. Tazama kwanza ule ukingo: ukiwa mweusi, umeshajua filamu ni ya aina gani. Kisha linganisha mwili wa ndege na buluu ya duara, si na ulichotarajia kukiona. Katika picha zilizopigwa kwenye sitaha ya Wasp, Spitfire nyingi zimekoza sana, na mpaka kati ya kahawia na mchanga, ambao katika picha za jangwani unaonekana waziwazi, umefifia au haupo. Buluu yangu ya kwenye boksi haikuwa na nafasi pale.

Mwaka 2012 nilikwenda Malta mwenyewe, kwa fedha niliyoiweka kidogo kidogo. Nilikwenda Ta' Qali, kilipokuwa kiwanja cha ndege za kivita na ambako leo kuna makumbusho. Nikaiona Spitfire yao, EN199, nikasimama kando yake mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko salama. Lakini kilichonifundisha zaidi ni majabali ya Dingli, upande wa kusini-magharibi, yenye urefu wa zaidi ya mita 250 juu ya maji. Nilikaa pale adhuhuri. Bahari ya kwetu, ndani ya mwamba, ni feruzi, na unauona mchanga chini. Ile ya Malta ilikuwa nzito, buluu iliyoelekea weusi, na jua lilipofunikwa na wingu ikawa kijivu tupu kama bamba la chuma. Mashua ndogo ya wavuvi, yenye ukanda wa manjano ubavuni, ilipita mbali sana. Nilimpoteza mvuvi, nikapoteza umbo la mashua, lakini ule ukanda wa manjano niliuona mpaka mwisho. Nikafikiri juu ya kijana wa miaka 20 akirusha ndege chinichini juu ya maji yale, mgongo wa ndege yake umepakwa rangi ya mchanga wa jangwa, na juu yake kuna Messerschmitt za Wajerumani zinazotazama chini kama mimi nilivyokuwa nikitazama. Rangi niliyokuwa nikiitafuta kwenye vikopo ilikuwa imechaguliwa na mtu mwenye haraka ili kijana yule asionekane.

Niliporudi nilinunua boksi lingine. Safari hii niliipaka ndege yote kwanza rangi za jangwani, kahawia na mchanga, kama ilivyotoka ghalani. Nikaziacha zikauke siku mbili. Halafu nikachanganya buluu ya kijivu iliyokoza, nikaipuliza juu yake kwa tabaka jembamba, nikizunguka alama za duara jinsi mtu mwenye brashi na amri ya haraka angezizunguka, nikaacha mchanga uchungulie kidogo kwenye kingo za milango ya bunduki. Niliongeza nyeupe kidogo. Waundaji modeli wana ubishi wao hapa: ukiitazama ndege ya 1/48 kutoka nusu mita ni sawa na kuitazama halisi kutoka mita 24, na umbali hupunguza ukali wa rangi. Wapo wanaotoa asilimia za kuongeza kwa kila kipimo cha modeli. Mimi asilimia sizikubali. Natoka nayo nje, naiweka juu ya ukuta, narudi nyuma hatua tatu, naangalia.

Nikaipeleka kwenye ukumbi uleule. Yule mzee hakuwepo tena. Nilimkuta mwingine, naye akaniuliza swali lilelile. Nikamjibu kwa dakika tano: siku, meli, picha, filamu, na mahali ambapo ushahidi unaishia na chaguo langu linaanza. Chini ya modeli nilikuwa nimebandika kikaratasi kinachosema hivyohivyo, kwa sababu naona ni wajibu. Atakayeitazama ndege ile nikiwa sipo asidhani kwamba kila kilicho juu yake kina uhakika sawa.

Agosti 2013 nilikwenda nyumbani likizo. Baba alikuwa amedhoofika, mikono ikitetemeka, na gereji ilikuwa imeshakodishwa. Katika sanduku la mama tulikuta picha mbili za zamani, nyeusi na nyeupe. Moja inamwonyesha Baba kijana, amesimama mbele ya lori alilolipaka mwenyewe, kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Ya pili ni ya babu mbele ya nyumba ya zamani, mlango umechongwa, madirisha yamepakwa rangi fulani. Nikamwuliza Baba lori lilikuwa la rangi gani. Hakufikiri hata kidogo. Nikageuza picha nikaandika kwa penseli kama alivyosema: kijani cha jani la mwembe lililokomaa, kopo moja, robo kopo ya nyeupe, nyeusi ncha ya kijiti, tabaka tatu, msasa kila tabaka.

Nikamwuliza madirisha ya nyumba ya babu. Alikaa na picha ile mkononi muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaigeuza kwenye mwanga. Aliyeyapaka alikuwa amekufa kabla Baba hajazaliwa, na hakuna aliyekuwa ameuliza.

Baba alifariki mwaka 2015. Kama nyumbani kwenu kuna picha za namna hii, za babu aliyekwenda vitani Burma, za duka, za mashua, za basi la kwanza la mtaa, zitoe sandukuni wiki hii. Mpelekee anayekumbuka, mketi nje mchana, mwulize rangi, na uandike nyuma kwa penseli, kwa maneno yake yeye. Nyuma ya picha ya nyumba ya babu hakuna neno.